Mcheza kwao hutunzwa

Mazungumzo na wanakisomo na wananchi wa Kibaha na Kisarawe

 

 Nimeombwa tuzungumze juu ya michango. Naona baadhi yenu mmeanza kutazamana! Msiogope. Sikuja na kopo la kuchangisha. Nimekuja na swali tu. Swali lenyewe ni hili: Kwa nini watu hutoa mali yao kwa ajili ya ngoma, nyimbo, maigizo, uchongaji na mambo mengine ya utamaduni wa kwao?

Swali hili si la mchezo. Tazameni hali zetu. Mkulima wa korosho wa Maneromango hana fedha za kutupa. Mama anayelima mpunga katika bonde la Ruvu anajua jasho lililomo ndani ya gunia moja. Hata hivyo, ngoma ikilia, mama huyo huyo hufungua pindo la khanga yake. Hutoa noti iliyokunjwa, akaenda kumpa mpiga ngoma mbele za watu wote. Halafu hurudi mahali pake anacheka.

Kwa nini anafanya hivyo? Je, ni ujinga? Je, ni kufuja mali? Wapo wanaosema hivyo. Husema, "Zahanati haina dawa, darasa halina madawati, na ninyi mnachangia ngoma!" Maneno hayo mmeyasikia, siyo? Basi leo tuyapime, pole pole, bila kugombana.

WAHENGA WALISEMAJE?

Wahenga walisema, "Mcheza kwao hutunzwa." Wengine husema "hutuzwa." Maana ni moja. Kumtunza mchezaji ni kumpa zawadi, kumpa tuzo.

Neno zito katika methali hii ni "kwao." Mgeni akicheza vizuri, tutampigia makofi. Akimaliza, atakwenda zake. Lakini anayecheza kwao ni mtoto wetu. Tunamjua baba yake. Tunamjua bibi yake aliyemfundisha wimbo ule. Tukimpa tuzo, tunamwambia, "Wewe ni wetu, na kazi yako tumeiona."

Kwa hiyo tuzo si bei. Tofauti yake ni kubwa. Ukinunua chumvi dukani, unalipa, unapewa chumvi, unaondoka. Hamdaiani tena. Hiyo ni bei. Lakini ukimtunza mpiga ngoma, hamjamalizana. Kesho ukiwa na shughuli kwako, atakuja. Ukiwa na msiba, atakuja pia. Bei humaliza habari. Tuzo huanzisha undugu. Tafadhali shikeni jambo hili, maana mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

TUANZE NA MDUNDIKO

Wote hapa mnaijua ngoma ya mdundiko. Ni ngoma ya Wazaramo, na majirani zao wanaipenda. Hupigwa mwali anapotolewa, na hupigwa katika arusi. Mdundiko haukai mahali pamoja. Hutembea njiani, na watu hufuata nyuma. Anayekwenda kisimani atasimama. Anayetoka shamba ataweka jembe begani, naye afuate.

Sasa tuulizane. Mdundiko huo nani analipa? Mtu atajibu haraka, "Mzazi wa mwali." Si kweli. Mzazi hulipa sehemu tu. Tuhesabu. Mjomba huleta mbuzi au kuku. Shangazi huleta mchele na khanga. Jirani huleta kuni. Vijana huteka maji na kujenga kibanda cha kivuli. Bibi mmoja hana kitu, lakini anajua nyimbo mia, na huziimba usiku kucha. Wapita njia hutoa tuzo za shilingi mia tano au elfu. Mwisho wake shughuli imekwisha, watu wamekula, wapiga ngoma wamepata chochote. Hakuna aliyeitisha mkutano. Hakuna aliyesema, "Changieni sanaa." Lakini wote wamechangia.

Hivyo ndugu zangu, sisi wa Pwani tulianza zamani kuchangia utamaduni wetu. Neno "mchango" tu ndilo hatukulitumia. Mtu asije akatuambia kwamba jambo hili limeletwa na wafadhili.

SABABU ZA KUTOA

Sababu ya kwanza ni deni. Siku binti yako alipotolewa ndani, watu walikuja. Walipika, walikesha, walitunza. Leo ni zamu ya mwenzako. Usipokwenda, hakuna atakayekushitaki. Lakini wewe mwenyewe utajiona. Tunasema, "Leo kwangu, kesho kwako." Mchango wa namna hii ni kama benki ya kijiji. Haina jengo wala karani. Hisa zake ni kukumbukana.

Sababu ya pili ni heshima. Mtu akitunza mbele za watu, jina lake hutajwa. Mwimbaji hodari humtia katika wimbo palepale. Tusijifiche, binadamu hupenda kutajwa. Siyo vibaya. Heshima inayopatikana kwa kutoa ni bora kuliko ile inayopatikana kwa kupiga watu. Tena hata maskini anaweza kuipata. Shilingi mia tano ya mjane huonekana, na wenye macho huipa uzito wake.

Lakini hapa ipo hatari. Wapo wanaotunza kwa mashindano. Fulani katoa elfu tano, basi mimi nitoe elfu kumi. Kesho yake watoto hawana daftari. Mwingine anauza shamba ili shughuli yake ishinde ya jirani. Wahenga walituonya: "Ngoma ikilia sana hupasuka." Heshima ya kukopa ni madeni yaliyovaa kanzu.

Sababu ya tatu ni kuhesabiwa. Mtu anapotoa mchango wa ngoma ya kijiji, anasema, "Na mimi nimo." Jambo hili ni kubwa sana siku hizi kwetu Kibaha na Kisarawe. Tazameni Mlandizi, Kiluvya, Mailimoja na Kisarawe mjini. Watu wengi wametoka Dar es Salaam na mikoa ya bara, wamenunua viwanja na kujenga. Mgeni atapataje ujirani? Atajenga ukuta, ndiyo. Lakini ukuta haumletei maji akiugua usiku. Akija kwenye shughuli, akatoa alicho nacho, akajaribu kucheza hata kama anakosea, watu watacheka, na toka siku hiyo watamwita kwa jina.

Jambo hili si jipya. Miaka zaidi ya 100 iliyopita ilizuka ngoma ya beni katika miji ya pwani ya Kenya. Ikaenea Tanganyika, hasa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ya mwaka 1914 hadi 1918. Vyama vyake vikubwa viliitwa Marini na Arinoti. Vilikuwa na sare, vyeo na magwaride. Ukivitazama kwa nje ni mchezo tu. Lakini ndani yake wanachama walitoa michango na kusaidiana katika shida na misiba. Mtu aliyeondoka kwao, akaja mjini hana ndugu, alipata ndugu ndani ya ngoma. Alipokufa, hakuzikwa kama mtu aliyeokotwa. Kumbe fedha ya ngoma ilikuwa pia fedha ya sanda.

Sababu ya nne ni mafunzo. Katika ngoma zetu mna shule. Mambo ya ndani ya unyago hayasemwi hadharani, na mimi sitayasema. Lakini wote tunajua kwamba somo au kungwi humfundisha mwali kwa nyimbo na kwa vitu vya kushika mkononi. Wazaramo wana sanamu ndogo ya mti iitwayo mwana hiti. Mwali alipewa sanamu hiyo akiwa ndani, akaitunza kama mtoto. Ilikuwa kitabu chake kabla ya vitabu.

Sasa sanamu hizo ziko wapi? Nyingi ziko Ulaya, ndani ya makabati ya kioo ya majumba ya makumbusho. Watu wa huko hulipa kiingilio wakazitazama. Watoto wengi wa Kisarawe hawajaiona hata moja. Kwa nini? Moja ya sababu ni kwamba mchonga sanamu anakula kama watu wengine. Kama sisi hatumpi kazi, atachonga vitu vya kuwauzia watalii. Au ataacha tezo, achome mkaa. Hatuwezi kumlaumu. Fundi hufuata anayemlipa. Tukitaka achonge vya kwetu, sisi ndio tumlipe.

Sababu ya tano ni kwamba ngoma huita watu. Pigeni filimbi ya mkutano, watakuja watu ishirini. Pigeni ngoma, kitatoka kijiji kizima. Viongozi werevu walilijua hili. Chama cha TANU kilizaliwa Julai 1954. Mwaka 1955 kilitafuta wanawake. Kazi hiyo akapewa Bibi Titi Mohamed wa Dar es Salaam. Mama huyu alikuwa mwimbaji mashuhuri wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Hakuanza nyumba kwa nyumba. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake, nao wakawaita wenzao. Kwa miezi michache tu, maelfu ya wanawake walikata kadi. Wanawake wale walikuwa tayari na viongozi, mahali pa kukutania, na mazoea ya kuchanga na kutunza fedha pamoja. Vitu hivyo walivipata wapi? Katika ngoma. Kila senti waliyotoa miaka ile kwa sare na kwa ngozi za ngoma ilikuja kulisaidia taifa, ingawa wakati wa kutoa hawakujua.

Tena ninyi wanakisomo mnajua habari za kisomo. Mwaka 1967, watu wazima 67 katika kila 100 nchini mwetu hawakujua kusoma na kuandika. Miaka ya 1970 ikaja kampeni kubwa ya kisomo. Radio ilitumika, vitabu vilitumika, na nyimbo, kwaya na ngoma zilitumika pia. Mtu aliyeona haya kwenda darasani na mvi zake aliitwa kwa ngoma, akaja. Kufika mwaka 1986, hesabu za serikali zilionyesha kwamba wasiojua kusoma walibaki kama 10 katika kila 100.

NA ZAHANATI JE?

Haya, sasa turudi kwa yule mwenzetu aliyeuliza habari za zahanati. Tusimkimbie, maana ameuliza jambo la haki.

Kwanza tukubaliane. Fedha ya dawa ya mtoto isiguswe kwa ajili ya ngoma. Ada ya chakula cha shule isiguswe. Mzee ambaye hakula jana asidaiwe mchango wa njuga. Hapo hakuna ubishi. Ngoma nzuri haichezwi juu ya tumbo la mtoto mwenye njaa.

Lakini yule ndugu anadhani fedha yote iko katika kibuyu kimoja. Anadhani kwamba ukizuia shilingi elfu ya ngoma, kesho itakwenda zahanati yenyewe. Je, ndivyo ilivyo? Hebu fikirini vijiji mnavyovijua. Kijiji ambacho watu wake hawana shughuli ya pamoja, hawachezi pamoja, hawazikani vizuri, je, kimejenga zahanati? Mara nyingi hapana. Watu wasiozoea kutoa kwa furaha huwa wagumu kutoa kwa shida. Na kijiji chenye kikundi hodari cha ngoma huwa na mambo matatu tayari: watu wanaoitana, viongozi wanaoaminiwa, na mazoea ya kuchanga. Siku ya kufyatua matofali ya zahanati, watu hao hao ndio hutangulia.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usiulize, "Ngoma au zahanati?" Uliza, "Ngoma yetu inatusaidiaje kuipata zahanati?" Wapiga ngoma wapige siku ya kazi ya pamoja. Kikundi cha maigizo kionyeshe hatari ya kuchelewesha mgonjwa. Sehemu ya tuzo itiwe katika mfuko wa matofali. Hapo mtakuwa mmeua nyoka wawili kwa fimbo moja.

Na jambo jingine. Siyo kila kitu cha zamani kinastahili mchango. Utamaduni una mazuri na mabaya. Shughuli inayomtoa mtoto wa kike darasani, au inayomwandaa kuolewa kabla hajakua, mimi siitolei hata senti. Shughuli zifanywe wakati wa likizo, na mwali arudi shuleni. Ngoma inayokesha kwa ulevi na matusi mbele ya watoto nayo isitafute baraka zetu. Unapotoa fedha unachagua. Unasema, "Hili liendelee." Basi tuangalie tunaliambia jambo gani liendelee.

MSAADA WA MBALI NA MKONO WA KARIBU

Mtu mwingine atasema, "Basi tungoje serikali, au tungoje wafadhili."

Serikali imefanya yake. Mwezi wa Desemba 1962, Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, maana aliona kwamba taifa lisilo na utamaduni halina roho. Mwaka 1981 kilianzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, hapa hapa Mkoa wa Pwani. Siku hizi kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Vijana wengi wamesoma pale. Lakini nchi yetu ina maelfu ya vijiji. Serikali haiwezi kuwamba ngozi ya kila ngoma.

Wafadhili je? Hapa Kibaha tuna mfano mzuri wa kujifunza. Mwaka 1963 nchi za kaskazini mwa Ulaya, zikiwemo Uswidi, Norwe, Denmark na Ufini, zilianza kituo kikubwa cha elimu, afya na kilimo. Shule ya Kibaha na hospitali ya Tumbi zinatokana na kazi hiyo. Lakini wageni wale hawakukaa milele. Mwaka 1970 walikikabidhi kituo kwa serikali yetu, na toka hapo ni sisi wenyewe. Hilo ndilo fundisho. Msaada mwema ni ule unaokabidhiwa. Na unaweza kukabidhiwa tu kama yupo wa kuupokea na kuutunza.

Sasa tazameni upande mwingine. Kule Unguja kipo kikundi cha taarab kiitwacho Ikhwani Safaa. Kilianzishwa mwaka 1905. Kimepita zama za Sultani, kimepita utawala wa Waingereza, kimepita Mapinduzi ya 1964, na mpaka leo muziki wake unasikika. Umri wake ni zaidi ya miaka 100. Siri yake ni nini? Hakikuwa mali ya tajiri mmoja. Ni kikundi cha wanachama. Mmoja akifa, mwingine hushika udi wake. Nao wasikilizaji wana desturi ya kuinuka na kumtunza mwimbaji katikati ya wimbo. Fedha ya mfadhili mmoja ni kama mvua ya siku moja: yaweza kuwa kubwa, lakini hukauka. Vishilingi vya watu wengi ni kama kisima.

KWA NINI WATU HUACHA KUTOA?

Tumeona kwa nini watu hutoa. Lakini wapo pia wanaoacha, na hao tusiwaite wachoyo kabla hatujawasikiliza.

Wengine huacha kwa sababu walilazimishwa. Aliyekuja kuchangisha alikuja na mgambo na orodha, akatishia kumchukua mtu kuku wake. Mchango wa kulazimishwa siyo mchango, ni kodi. Wengi wenu mnakumbuka kodi ya maendeleo na jinsi watu walivyokimbilia porini kuikwepa. Kodi ile ilifutwa mwaka 2003. Tusiirudishe kwa jina la ngoma. Utamaduni haupendwi kwa mgambo.

Wengine huacha kwa sababu hawakuulizwa. Watu watano walikaa, wakaamua sare iwe ya rangi fulani, wakagawa deni kwa kijiji kizima. Kumbe wenye kijiji walitaka ngoma zipate ngozi mpya kwanza. Anayetoa anataka pia kusema.

Lakini wengi zaidi huacha kwa sababu fedha haikuonekana. Walitoa mara ya kwanza. Walitoa mara ya pili. Ngoma zikabaki zimepasuka vile vile. Wakauliza, wakaambiwa, "Mambo yanashughulikiwa." Mara ya tatu, mchangishaji alipobisha hodi, mlango haukufunguliwa. Je, watu hao ni wachoyo? Hata kidogo. Wamejifunza.

Ndugu zangu, hapa ndipo penye jambo lenyewe. Watu hawatoi kwa sababu wana fedha nyingi. Hutoa kwa sababu wanaamini. Imani hiyo ikivunjika, hata tajiri hatatoa. Ikiwapo, hata maskini atatoa. Kwa hiyo anayekula fedha ya ngoma hali fedha tu. Anakula ule undugu tuliousema mwanzo. Anakausha kisima, na wanaokuja baadaye kuomba mchango wa shule watakikuta kikavu.

KAZI YENU WANAKISOMO

Sasa dawa yake ni nini? Dawa mnayo ninyi mikononi. Mmejifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Zamani mtu mmoja tu ndiye aliyejua kuandika, na wote walimtegemea. Akisema fedha zimekwisha, zimekwisha. Leo mko wengi. Nunueni daftari moja. Liitwe Daftari la Ngoma. Upande mmoja andikeni yaliyoingia. Upande wa pili andikeni yaliyotoka.

Nitawapa mfano. Si hesabu za kijiji chochote, ni mfano wa kujifunzia tu. Tuseme kaya 80 zimekubali kwa hiari kutoa shilingi 1,000 kila moja.

Yaliyoingia:
Michango ya kaya 80: Sh. 80,000
Tuzo za siku ya ngoma: Sh. 46,500
Jumla: Sh. 126,500

Yaliyotoka:
Ngozi mbili za ngoma: Sh. 40,000
Fundi wa kuwamba: Sh. 10,000
Njuga: Sh. 15,000
Mchele na mboga za wachezaji: Sh. 24,000
Nauli: Sh. 18,000
Jumla: Sh. 107,000

Baki: Sh. 19,500

Mmeona? Ni hesabu ya kujumlisha na kutoa tu, ile mliyojifunza darasani. Karatasi hiyo ibandikwe mahali watu wanapopita, penye mti wa mikutano, dukani au ofisi ya kijiji. Asiyejua kusoma asomewe. Mtu akisema, "Mbona njuga bei kubwa?" asikasirikiwe. Aonyeshwe risiti. Na yule aliyeleta kuni au kuku, naye aandikwe. Asiyekuwa na fedha lakini alikesha akiimba, aandikwe. Kutoa siyo noti peke yake.

Tena daftari lishikwe na watu zaidi ya mmoja. Mmoja ashike fedha, mwingine aandike, wa tatu akague. Mmoja wao awe mama, maana kina mama ndio wapishi wa shughuli, nao wanajua bei ya kila kitu. Siku hizi michango mingine hutumwa kwa simu na watoto wetu walioko Dar es Salaam. Vizuri sana. Lakini fedha ya simu nayo iandikwe siku hiyo hiyo, na aliyetuma ajibiwe: imefika, imefanya kazi hii. Kijana akiona hivyo atatuma tena. Akiona kimya, atanyamaza na yeye.

Na ninyi mnaoandika vizuri, msiandike fedha tu. Kaeni na wale bibi na babu wanaojua nyimbo za zamani. Waombeni ruhusa, muandike zile zinazofaa kuandikwa, na jina la aliyeziimba. Kuandika wimbo wa bibi kabla hajaondoka ni mchango mkubwa kuliko mbuzi. Mbuzi ataliwa siku moja.

NAMALIZIA

Wazee wangu na ndugu zangu, tumesema watu hutoa kwa sababu ya deni, kwa sababu ya heshima, kwa sababu wanataka kuhesabiwa, kwa sababu ya mafunzo, na kwa sababu ngoma huita watu kwenye kazi nyingine. Tumesema pia kwamba hutoa pale wanapoamini, na kwamba imani hulindwa kwa daftari lililo wazi.

Siwaambii mtoe kiasi gani. Hiyo ni siri yako na mfuko wako. Nasema tu, mkiamua kutoa, toeni kwa hiari. Mkipewa kutunza, tunzeni kwa wazi. Na mkimwona mtoto wa hapa amesimama katikati ya uwanja, anapiga ngoma mpaka jasho linamtoka, msimwache arudi mikono mitupu. Kama huna noti, mfute jasho kwa leso yako. Hiyo nayo ni tuzo, na wazee wetu waliikubali.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Kuna tofauti gani kati ya bei na tuzo? Toeni mfano wa kijijini kwenu.
2. Ngoma gani kwenu zinapotea? Ni wazee gani bado wanazijua?
3. Je, michango ya shughuli kwenu ni ya hiari? Kama siyo, mtarekebishaje?
4. Nani anashika fedha za kikundi chenu, na nani anazikagua?
5. Andikeni mapato na matumizi ya shughuli moja mliyoifanya. Mlibaki na kiasi gani?